Thelathini Kasoro Unywele

Kanuma,
Februari

Kwako Kaka Tomonari,

Pokea salamu zangu nyingi na za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba theluji ya Hida haijawazibia mlango kama mwaka ule mlipotoka nje kwa kupitia dirisha la ghorofani. Vidole vyako vimepona ile mipasuko ya baridi? Bado unapaka mafuta aliyokutumia mama, au umemgawia yule mwenzako anayekoroma? Na mwalimu wako, Fundi Kurosaki, na mkewe wanaendeleaje? Ningekuomba uwafikishie heshima zangu, ila sijui kama ukishaisoma barua hii yote utakuwa na moyo wa kumfikishia mtu salamu.

Mimi ni mzima. Mitihani ya muhula imekwisha. Historia nimepata vizuri, hisabati vizuri zaidi, na mazoezi ya viungo vibaya kama unavyonijua. Mama ni mzima, ila amekonda. Kuhusu baba, hilo ndilo lililonifanya niandike, na nakuomba usiisome barua hii mbele za watu. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo la kusema kwa mdomo hunikwama kooni, na simu yetu iko pale pale ukumbini ambapo mama husikia kila kitu. Ninaandika nikiwa maktaba ya shule, nyuma ya rafu ya kamusi, mahali ambapo haji mtu.

Baba anaumwa, kaka. Si mgongo, wala si uchovu wa joto kama ulivyoambiwa. Ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaokausha misuli. Ulianzia mkono wa kulia, ukaenda wa kushoto, ukapanda mabegani, na sasa uko kooni. Hauna dawa. Tumelijua hili tangu majira ya mvua ya mwaka jana, na wewe peke yako katika nyumba hii hukuambiwa. Hukuambiwa kwa amri ya baba, na leo ninaivunja amri hiyo bila yeye kujua. Naomba unisikilize kwa utaratibu, maana nikianza na lile la mwisho hutayaelewa ya kwanza.

Mwanzoni baba aliulaumu mpini. Patasi ilimponyoka, akasema mpini umelegea kwa unyevu, akachonga mwingine mnene zaidi. Ukamponyoka huo nao, akauzungushia kitambaa. Mama akamwambia, “Baba Tomo, mpini hauna kosa,” naye akajibu kwamba siku mama atakapoanza kutengeneza milango, yeye ataanza kupika, na hapo tutakufa sote. Tulicheka. Baada ya hapo alishindwa kufunga vifungo vya shati, na kicheko kikaisha.

Hospitali ya Utsunomiya walimpima mara nyingi. Daktari alikuwa kijana, akieleza huku anatazama kompyuta yake kana kwamba mgonjwa ni ile kompyuta. Tuliporudi baba alitaka tupitie mgahawani kwa Mama Kishi tule tambi za soba na majani ya nira. Vijiti vilimshinda. Akamwita Mama Kishi kwa sauti kubwa, watu wote wakasikia, akasema, “Dada, mwenzako nimestaarabika siku hizi, niletee uma!” Mama Kishi akamletea uma wa mtoto, wenye picha ya sungura, akamwambia ndio wa kiwango chake. Baba alikula tambi zote. Mama hakula hata moja.

Jioni ile ile alitukalisha akatuambia kwamba Tomonari asijue mpaka amalize miaka yake kwa Fundi Kurosaki, yaani masika ya mwaka ujao. Mama alimkumbusha kwamba daktari hakutaja masika ya mwaka ujao. Baba akasema hilo analijua, masikio bado yanafanya kazi. Ndipo akatueleza jambo ambalo hata mama alikuwa halijui lote. Wewe na mimi tuliambiwa siku zote kwamba baba alijifunza ufundi kule Takaoka akahitimu. Hakuhitimu. Babu alipougua, baba aliaga kwa mwalimu wake kabla ya muda, akaja kumzika babu, na alipotaka kurudi mlango ulikuwa umefungwa. Tangu hapo kila kazi ya hekalu ilipotokea hapa mjini, mafundi wenzake walimwita wali uliotolewa jikoni kabla haujaiva, wakampita. Akasema yeye alifika kumwona babu akikata roho, na akawalipa watu heshima yake maisha yote kwa ajili ya saa ile moja. Hataki ulipe wewe. Mama akamuuliza kama anajuta kuja. Baba aliomba chai.

Basi tukakudanganya. Ilikuwa rahisi, maana baba kwenye simu hakuwahi kusema zaidi ya “ndiyo”, “hapana” na “kula vizuri.” Rahisi mpaka sikukuu ya Bon, Baba Mdogo Isao alipokuja kuwasha ubani kwa mababu akaona kikombe kinaanguka mkononi mwa kaka yake. Najua alikupigia simu akiwa amelewa, maana asubuhi yake alikuja na tikiti maji mkononi kuomba radhi. Nawe ukapiga. Baba akakuambia Isao huona vikombe vinaanguka hata vikiwa mezani. Hukucheka. Ukamwambia, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikimshikia baba simu sikioni, “Sawa, mzee. Nitumie fremu moja ya vijiti, yenye nakshi ya jani la katani, ya mkono wako. Sauti inaweza kunidanganya, mbao haiwezi.”

Baba aliniambia nikate simu. Alikaa akitabasamu muda mrefu, akamwambia mama, “Umemsikia? Huyo amekuwa fundi.” Nadhani ile ndiyo furaha yake ya mwisho iliyokuwa kamili.

Kesho yake, nilipotoka shule, aliniita karakana. Unajua sikuwahi kuingia mle ila kupeleka chai. Nilidhani anataka chai. Akaniambia nivue soksi, nikae, nichukue kipande cha mwerezi, kwa maana ile fremu uliyoiomba nitaitengeneza mimi. Nilimuuliza kwa nini asimwombe fundi mwingine, Bwana Shiotani kwa mfano, ambaye ni rafiki yake. Akasema mkono wa Shiotani ungeutambua ukiwa upande wa pili wa barabara, tena Shiotani hana kifuniko cha mdomo. “Mkono wako wewe haujui kitu,” akasema. “Ndiyo maana nautaka.”

Kaka, vile vibao vyake vya kukatia pembe unavikumbuka, kila pembe na kibao chake, vimekuwa vyeusi kwa jasho. Wewe ulivitumia, unajua vilivyo. Kijiti unakilaza kwenye mfereji, unakibana kwa kidole gumba, unapitisha patasi juu ya mteremko wa kibao, basi ncha inatoka na pembe yake. Kwangu havikutoa kitu. Mfereji umelika, kijiti kinacheza, na gumba langu ni la kugeuzia kurasa. Baba alitazama rundo la vipande vyangu akasema naonekana nimekuwa nikiwatafunia panya. Akasema inabidi nitengeneze kibao changu, kimoja chenye pembe zote, chenye kubana chenyewe, ili aliyekishika asihitaji nguvu wala uzoefu.

Tulikitengeneza kwa kizingiti cha mwaloni cha nyumba ya zamani ya bibi, kwa sababu mbao ile imekanyagwa kwa miaka mingi, imekauka, haitacheza tena. Mimi nilikata, yeye akasema. Nikachimba mfereji wa katikati, mwembamba kiasi kwamba kijiti kinaingia kwa kusukumwa. Nikaweka kabari ya pembeni ya kukikaza mahali pa lile gumba lake. Mwisho mmoja wa kibao nikauchonga mteremko wa nyuzi thelathini, kwa ile ncha inayoingia kwenye kona ya pembetatu. Mwisho wa pili sitini, kwa ile inayokutana na wenzake katikati. Ubavuni nikaongeza pembe ya vipande vinavyogusa fremu. Ndani ya mfereji nikatia kizuizi kinachosogea, kinachoamua urefu. Nilitumia kipimapembe changu cha shule. Nilivunja miteremko mingi kabla ya kupata mmoja, na baba hakukasirika hata mara moja, jambo lililoniogopesha kuliko angekasirika. Alikuwa akinitania tu. Nilivyoshika patasi alisema nalisha kinda la ndege. Nilipozuia pumzi alisema, “Pumua, wewe! Mbao haitaki maiti hapa, inatosha huyu mmoja.”

Jani la kwanza lilipoungana nilitaka kulia. Vipande vitatu ndani ya kila pembetatu, bila gundi, bila mwanya, vimefungana kama kitabu kipya. Nililinyanyua dirishani kwa majivuno ambayo sijawahi kuwa nayo. Baba akalitazama kutoka kona ya juu kulia kwenda kushoto chini, kama alivyofanya siku zote, akasema ni safi sana. Kisha akasema Tomo akiliona atajua kwamba baba yake amekufa na mahali pake ameajiriwa mwalimu wa hisabati.

Hapo ndipo alinifundisha. Thelathini ya baba si thelathini. Ni thelathini kasoro unywele. Alikuwa akiichonga ncha ikiwa kali na ndefu kidogo kuliko inavyostahili, ili inapoingia iume, na mahali inapouma inaacha alama ndogo kwa jirani yake kama ya ukucha. Nilidhani ni kasoro. Akasema yeye mwenyewe hakujua anafanya hivyo mpaka siku wewe ulipomuuliza, ukiwa bado mdogo, kwa nini majani yake yana kucha. Basi ilibidi nikitengeneze kibao upya, chenye kosa lake ndani yake. Hakuna kipimo cha shule kinachoonyesha unywele. Nilikuwa nauparura mteremko kwa randa, utando mmoja mwembamba, nakata kijiti, nakiingiza mahali pake, naye anasikiliza amefumba macho. Kikiingia kimya alisema bado. Kikilia alisema nimezidisha. Nilitupa miteremko mingine kwa wingi kabla hajafumbua macho na kusema, “Huyo. Huyo ndiye mimi.”

Ilipofika wakati wa kukausha matunda ya makaki, aliomba ajaribu. Alisema kwa kuwa kibao kinabana chenyewe, labda hata yeye kingemfaa. Nakuambia ukweli, mimi tangu mwanzo nilikuwa nikikitengeneza kwa ajili hiyo kwa siri, kabari ile niliifanya kubwa ili aweze kuisukuma kwa ngumi. Mama alimfunga patasi mkononi kwa kitambaa. Nilikaza kijiti, nikakaa nyuma yake nikimshikilia kiwiko. Alisukuma mara nyingi. Patasi ilikwenda ilikotaka. Kijiti kilipotoka, ncha yake ilikuwa imetafunika kama mswaki wa mti. Alikitazama akasema, “Basi.” Akaniambia nikitie kwenye jiko la kuni. Mama akafungua kile kitambaa taratibu, akakikunja, akaenda kufua ingawa hakikuwa kichafu. Tangu siku hiyo baba hakugusa tena chombo chochote cha kazi.

Nilimaliza fremu ile mimi, kaka. Kila kijiti ulichokisifu katika jibu lako nimekikata mimi, baada ya masomo, nikiwa na sare ya shule na aproni ya baba juu yake. Sauti yake ilikuwa inazidi kuwa nzito, mwishoni mama ndiye aliyenitafsiria. Ningekuwa mtu mwingine ningejivunia kusoma ulivyoandika kwamba Fundi Kurosaki ameitundika karakanani kwenu ili wanafunzi wote waone kazi ya mzee wa Kanuma. Nilipoisoma sentensi hiyo nilikwenda kusimama bafuni mpaka mama akagonga.

Lakini kuna kitu kimoja nilifanya ambacho baba hakuniagiza. Jani la mwisho, lile la kona ya chini kushoto, nililegeza kizuizi ndani ya mfereji, nikakata kipande kimoja kifupi. Kidogo tu. Nilipokiweka mahali pake hakikufika, kukabaki mwanya unaopitisha mwanga. Nilifanya makusudi. Nilimkumbuka baba alivyouweka mlango wa watu chini akaukanyaga katikati, mlango uliokwisha na kupakwa nta, kwa ajili ya mwanya mwembamba kuliko ule, na sisi wawili tukajificha chini ya meza. Nilijua wewe pia huwezi kuisahau sauti ya mbao zile. Nikajiambia: Kaka akiuona mwanya kwenye kazi ya baba atajua mara moja kwamba hakuna baba pale. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia kwa maneno, nikaona mbao ikuambie.

Siku ya kuifunga niliinyanyua dirishani. Baba akaanza kona ya juu kulia, akashuka pole pole. Alipofika chini kushoto macho yake yakasimama. Niliusubiri ule mguu, ingawa tayari ulikuwa hauna nguvu ya kukanyaga hata karatasi. Alitazama, akatazama. Kisha akasema, “Funga. Peleka posta.” Nikajua macho yake nayo yamechoka, hakuona. Nilifurahi kwamba mpango wangu umepita, halafu nikaona aibu kwa furaha ile.

Nawe ukajibu. Mama aliisoma barua yako kwa sauti kando ya kotatsu, ile meza yetu yenye moto chini, baba amelala ubavu. Uliandika kwamba mkono wa baba ni ule ule, kucha zote zipo, na kwamba umemchukia Baba Mdogo Isao kwa kukutia hofu bure. Uliandika kwamba ulikuwa umepanga kuomba ruhusa ya Mwaka Mpya uje kumwona, lakini sasa huna wasiwasi, utabaki umsaidie mwalimu wako kumaliza milango ya hekalu. Na mwishoni ukaandika kuhusu ile kona. Uliuona mwanya, kaka. Uliuona, ukacheka. Uliandika, “Mwambieni mzee avae miwani, na safari hii mimi ndiye nitakayeikanyaga fremu.”

Baba alicheka pia. Alicheka mpaka akapaliwa, mama akamwinua na kumpiga mgongoni, ikachukua muda kupumua kwake kutulia. Kisha aligeuzia uso upande wa bustani. Mama alisema amefurahi.

Mwaka Mpya ulipita. Siku zile baba alikuwa bado anaweza kutamka jina lako. Halikuwa wazi, lakini sisi tulilielewa, na alilitamka zaidi ya mara moja. Sasa hawezi. Sauti imekwisha kabisa. Anakunywa uji wa wali uliochujwa, na hata huo unampalia. Tunazungumza kwa kibao cha plastiki kinachopitisha mwanga, kimeandikwa herufi zote. Nakishika katikati yetu, yeye anatazama herufi, mimi nafuata macho yake. Ajabu ni kwamba bado anatania. Juzi alimwambia mama, herufi baada ya herufi, kwamba uji wake unafaa kugandishia karatasi za milango. Mama alicheka, akaenda jikoni.

Daktari amesema kifua ndicho kinachofuata. Ipo mashine ya kumpumulia, wanatoboa koo. Ikishawekwa haiondolewi, na mtu anaweza kuishi nayo miaka. Mama alimwomba aikubali. Alimwomba kwa kupiga magoti. Baba akatazama herufi za neno “hapana”, akafumba macho ili asiombwe tena. Daktari anasema bila mashine hataona majira ya joto. Mimi nimesoma vitabu vyote vya ugonjwa huu vilivyoko maktaba ya mji, na nadhani daktari anatupunguzia uchungu.

Sasa nakuambia lile lililonikalisha hapa. Jumapili, mama alipokwenda dukani, nilikishika kile kibao nikamuuliza baba jambo nililokuwa nalo moyoni tangu siku ya kuifunga fremu. Nilikiri kwamba kile kipande cha kona nilikifupisha kwa makusudi ili wewe ujue. Nikamwomba anisamehe, nikasema nashukuru kwamba hakuuona ule mwanya. Macho yake yakaanza kutembea. Nilidhani nimefuata vibaya, nikamwomba arudie. Akarudia lile lile, pole pole, kama anavyomfundisha mtu mzito wa kuelewa:

Niliuona.

Nikamuuliza, basi kwa nini aliniambia niifunge fremu na kuipeleka posta. Kama alivyofumba macho kwa mama, alifumba na kwangu. Lakini safari hii hayakufungika vizuri, kaka, maji yalipita, na yeye hana tena mkono wa kuyafuta.

Baba hajawahi kutoa mwanya nje ya karakana ile. Aliutoa mmoja. Mdomo wake ulisema usije, na mdomo huo ulikuwa na sababu zake, nami naziheshimu. Lakini aliuona mwanya ule, akauacha uende kwako. Tulikuita sote wawili kwa tundu moja, kila mtu akimficha mwenzake, nawe ukadhani ni uzee.

Sikulaumu. Mimi niliyesoma vitabu vingi kuliko wote nyumbani nilikaa miezi miwili nikidhani macho yake yamechoka.

Sijui nikushauri nini. Ukija, hutamponya, na mlango wa Fundi Kurosaki huenda ukafungwa nyuma yako, na watu wa hapa wana kumbukumbu ndefu. Ukibaki, utahitimu, utarudi masika ya mwaka ujao na jina zuri, utaikuta karakana imefagiliwa. Ukija kesho hatakuita jina. Ukija baadaye hata hatakutazama. Nimejaribu kutafuta upande ambao hautaumiza, kama ninavyotafuta jibu la hesabu, na sijauona. Nadhani haupo.

Mama hajui kwamba naandika, kwa hiyo salamu zake sikupi. Nikikuandikia kwamba anakusalimu nitakuwa nimekudanganya tena, na nimechoka. Baba naye sikupi salamu zake kwa sababu hiyo hiyo. Msalimie yule mwenzako anayekoroma. Jifunike vizuri, baridi bado ipo.

Ulisema sauti inaweza kukudanganya, mbao haiwezi. Sikukitia jikoni kile kijiti cha siku ya makaki. Nimekifunga kwenye karatasi ya mlango ndani ya bahasha hii. Huo ndio mkono wa baba, hakuna mwingine utakaokuja. Iteremshe ile fremu ukutani, kitoe kile changu kifupi cha kona ya chini kushoto, ujaribu kukiweka hiki mahali pake.

Hakitaingia. Nilijaribu kabla ya kuipeleka fremu posta.

Ni mimi mdogo wako,
Wakana Okabayashi